Nilimgeuzia mama gramu kuwa vikombe, mke wangu akasemwa wiki tatu

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko kazini na mliojificha chooni na simu.

Hiki ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, si cha jirani wala cha "rafiki yangu mmoja". Nimebadilisha majina tu, kwa sababu mama yangu siku hizi ana simu janja na wajukuu wanamsomea kila kitu. Anayeona ni chai, yaani nimetunga, aipulize anywe, mimi naendelea.

Kazi yangu ni kupima ardhi. Naishi Kibaha, Maili Moja kwa ndani kidogo, na kampuni niliyopo ni ndogo lakini kazi hazikosekani. Nikisimamisha mashine yangu ya miguu mitatu kwenye kiwanja, hata wazee wanaogombania mpaka wa shamba wananyamaza kusubiri nitasema nini. Nikikosea hatua moja, ndugu wanashikana mashati.

Nalisema hili mapema ili mjue kwamba aliyeharibu mambo humu si mtu asiyejua kupima. Ni mtu anayelipwa kwa kupima. Ndiyo maana inauma.

Mke wangu tumwite Mama Salha. Ni muuguzi, Mpare wa Usangi, mtu wa maneno machache. Akitoka zamu anapumzika kwa kuoka mkate. Wengine wanapumzika kwa kulala, yeye anakanda unga.

Sasa Mama Salha hapimi kwa kikombe. Ana mzani mdogo wa betri, anauweka mezani, anaweka bakuli juu, anamimina unga mpaka namba anayoitaka itokee. Unga gramu 500. Maji gramu 300. Sukari 60, mafuta 40, chumvi 10, hamira 7. Ndiyo, hata maji anayapima kwa gramu. Nilimcheka mwaka wa kwanza wa ndoa, nikaacha nilipoonja mkate.

Nyumbani kwetu mimi ni Kurui, Kisarawe ndani huko. Mkate wa dukani ukifika kule umeshasafiri kwenye boksi, ukapanda pikipiki, ukakaliwa na mtu. Unanunua mkate unapewa kitu kama chapati nene yenye nailoni. Kwa hiyo kila tukienda kusalimia tunabeba mikate miwili ya Mama Salha.

Mama yangu alikuwa anaipokea kama mtoto mchanga. Anaifunga kwenye kanga, anaiweka juu ya kabati, halafu anawagawia majirani vipande vyembamba huku akisema, "Kaoka mkwe wangu huyu, kwa mkono wake."

Na hapa niwe mkweli. Nilipomposa Mama Salha, mama alikuwa na wasiwasi. Mnajua utani wa Wapare na ubahili, sina haja ya kuurudia. Mama hakukataa, ila aliniambia, "Sawa mwanangu, ila chumvi utanunua mwenyewe." Ule mkate ndio uliomlainisha. Miaka minne ya mikate, mama akawa anampigia mkwe simu kabla ya kunipigia mimi.

Nisiwachoshe. Mdogo wangu wa mwisho, Zuhura, akapata mchumba, harusi ikapangwa. Mama akasimama mbele ya wanawake wenzake akatangaza kwamba chai ya asubuhi ya wageni wa upande wa bwana harusi haitakuwa na mkate wa kukaliwa. Itakuwa na mkate wa nyumbani, kaoka yeye, kwa maelekezo ya mkwe wake.

Akapiga simu. "Mwambie mkeo anipe vipimo. Ila mimi sina mzani, anipe kwa kikombe."

Mama Salha akasema tumnunulie mama mzani, tumpelekee, basi yaishe.

Mimi nikasema hapana.

Wakuu, mpaka leo sijui kwa nini nilisema hapana. Nadhani ni ile raha ya mwanaume kuona tatizo la hesabu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nikamwambia, "Mama Salha, wewe nenda zamu. Hiyo ni conversion ndogo tu ya vipimo, mimi nafanya kazi hizo kila siku."

Akaniangalia, akachukua mkoba wake, akaenda kazini.

Tuna vikombe viwili vya bati, vya kijani, ambavyo mama alitupa tulipooana. Vimetoka kwenye seti ya vikombe sita, vinne vimebaki kwake Kurui. Nikaona hapo nimeshamaliza kazi, maana kikombe changu na chake ni kimoja. Hakuna mpimaji anayepata bahati kama hiyo.

Nikaweka kikombe kwenye mzani, nikajaza maji. Mzani ukasoma gramu 300 kamili.

Nikaandika: kikombe kimoja ni gramu 300.

Sasa kama unga ni gramu 500, ni vikombe vingapi? Gawa. Kikombe kimoja na theluthi mbili. Maji kikombe kimoja. Chumvi nikafanya hivyo hivyo, nikapima kijiko cha chai cha maji, nikagawa. Hamira vilevile. Dakika kumi kazi imekwisha. Nikaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, nikapiga picha, nikamtumia Zuhura amsomee mama.

Najua kuna watu hapa wameshaanza kucheka. Chekeni taratibu, mimi nilikuwa bado sijui.

Kwa ambao hamjaona kosa: unga si maji. Kikombe kinachobeba gramu 300 za maji, ukikijaza unga kinabeba kama nusu tu na ziada kidogo. Kwa hiyo nilimpa mama maji yote ya mkate na nusu ya unga. Hamira nayo ni nyepesi, ikapungua. Mtoto wa darasa la tano anajua kwamba debe la pumba na debe la mchanga huwezi kuyabeba sawa. Mimi nina diploma.

Jumapili mama akaoka. Kule kwetu mkate unaokwa kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Na alikuwa amewaalika jirani yake Bi Tatu na wanawake wawili wa kamati ya chakula waje waone mkate wa mkwe.

Kilichotoka, kwa maelezo ya Zuhura, kilikuwa uji uliokauka juu. Walikila kwa kijiko.

Mama akanipigia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevunjika moyo.

"Shabani, mimi nimekanda maandazi kabla mkeo hajazaliwa. Nilipotia mkono tu nikajua hiki si kinyunga, unga haushikani. Lakini karatasi imesema kikombe na theluthi mbili, nikasema labda mkate wa kisasa uko hivi, nikafuata. Mkeo kanificha."

"Hapana Mama, hawezi."

"Kanificha unga. Kaniandikia nusu ili nionekane sijui, na mkate ubaki wake. Wapare ndivyo walivyo, hata ujuzi wanaubania."

Wakuu, hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Ningesema sentensi moja tu: Mama, hesabu nilifanya mimi. Uzi huu usingekuwepo.

Nilisema, "Nitamuuliza."

Nilikata simu nikakaa kwenye kiti nikiwa na aibu ambayo sijawahi kuisikia. Lakini aibu yenyewe haikunisukuma kusema. Ilinisukuma kwenda jikoni kutafuta nilipokosea, nirekebishe kimyakimya, mkate utoke, watu wasahau.

Nikasubiri Mama Salha aende zamu. Nikatoa mzani. Safari hii nikapima kila kitu kwa jina lake. Unga kwenye kikombe cha bati, nikausawazisha juu kwa kisu: gramu 167. Nikapiga mahesabu, vikombe vitatu vya unga kwa kikombe kimoja cha maji. Sukari robo kikombe. Mafuta vijiko vitatu vya chakula. Chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu na kidogo. Hamira vijiko viwili vya chai na punje. Nikarudia mara mbili kama napima mpaka wa kesi.

Nikamtumia mama voice note. Nikasema, "Mama, kulikuwa na makosa ya uandishi. Vipimo sahihi ni hivi."

Makosa ya uandishi. Sikusema ya nani. Mama akajaza mwenyewe.

Jumapili ya pili mama akaoka tena. Nilishinda na simu mkononi. Saa nane Zuhura akanitumia video isiyo na maneno. Mama ameshika mkate, anaugonga kwenye ukingo wa kinu. Ko, ko, ko. Halafu sauti ya Bi Tatu kwa nyuma, "Huu tuutie msingi wa choo."

 Vipimo vilikuwa sahihi. Nimevipima mara mbili. Kikombe ni kilekile. Unga wa ngano ni wa aina ileile, nilimuuliza Zuhura. Sasa jiwe limetoka wapi?

Mama yeye hakuwa na swali. Kwake ilikuwa wazi: mara ya kwanza mkwe kapunguza unga, mara ya pili kazidisha. Anacheza naye.

Habari ikaenda. Kurui si pakubwa. Mama alimsema mkwe wake kwa Bi Tatu, akamsema kwenye kamati ya chakula, akamsema kisimani. Na tamko likatoka kwamba mkate wa harusi utaagizwa Kisarawe mjini, na Mama Salha akija harusini akae barazani na wageni, jikoni hahitajiki.

Ambaye si wa kwetu anaweza kuona hiyo ni heshima, kukaa barazani na kuletewa chai. Si heshima. Mke wa kaka mtu, kwenye harusi ya wifi yake, akikalishwa barazani, maana yake umma mzima unaambiwa huyu si wetu.

Zuhura hakuweza kunyamaza. Akampigia Mama Salha. "Wifi, mimi sijui kimetokea nini kati yenu, lakini Mama kanuna, na mimi sitaki kuolewa huku wewe umekaa barazani."

Nilirudi jioni nikamkuta mke wangu amekaa, sare bado hajavua.

Akaniuliza, "Ile karatasi uliyomtumia Mama mara ya kwanza, unayo?"

Nikasema, "Nadhani niliitupa."

"Huwezi kukumbuka uliandika nini?"

"Kulikuwa na namba nyingi."

Mpimaji wa ardhi, jamani. Nakumbuka kona za viwanja vya watu nilivyopima miaka iliyopita.

Akatikisa kichwa, akaenda kuoga. Hakupiga kelele. Alhamisi ya wiki ya tatu, siku mbili kabla ya harusi, akaomba ruhusa kazini, akafunga mzani wake ndani ya kitenge, akatia mkobani. Akaniambia, "Washa pikipiki. Twende Kurui."

Tulipita Mlandizi, tukaingia njia ya Mzenga. Njia nzima niliendesha kwa adabu ambayo askari wa barabarani wangenipa cheti.

Tulipofika, mama alikuwa jikoni uani na Bi Tatu, wanachambua mchele wa harusi. Mke wangu akapiga goti, "Shikamoo Mama."

"Marahaba."

Hiyo tu. Kawaida baada ya marahaba yangefuata maswali kumi, ya Salha, ya kazi, ya mgongo wake. Safari hii baada ya marahaba ulifuata mchele.

Mama Salha hakuondoka. Akavuta kigoda akakaa. Akasema kwa upole, "Mama, nimekuja kujifunza. Naomba unioneshe ulivyoutengeneza ule wa pili. Mimi sitagusa kitu."

Mama akamwangalia Bi Tatu. Bi Tatu akainua mabega. Mama akainuka, akaleta ndoo ya unga na kikombe cha bati, kile cha kijani.

Sasa wakuu, naomba mtulie hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipojua kwamba hata hesabu ikiwa sahihi unaweza kufeli.

Mama alizamisha kikombe kwenye ndoo. Akakitikisa unga ushuke. Akaongeza. Akaubonyeza kwa kiganja. Akaongeza tena, akapandisha kilima juu ya kikombe, kilima hasa, lumbesa, mpaka unga ukawa unamwagika pembeni. Akakipeleka kwenye bakuli taratibu, mkono mmoja umekinga chini, na alipofika akamimina kwa fahari. "Moja."

Akafanya hivyo mara tatu. Kisha, baada ya cha tatu, akachota konzi ya unga kwa mkono akatupia juu.

Mke wangu akauliza, "Na hiyo ni ya nini, Mama?"

"Nyongeza."

"Nyongeza ya nani?"

Mama akasimama. Nikaona na yeye ameanza kujiuliza.

Ngoja nieleze. Mama yangu ameuza maharage, unga na karanga kwa kopo pale barazani tangu mimi nasoma shule ya msingi. Kwake kipimo bila kilima ni tusi. Kopo la mfuto, lile lililokatwa juu likawa sawa, unampimia mtu usiyetaka arudi. Na baada ya kopo lazima konzi ya nyongeza, hata mteja akiwa mtoto. Karatasi ikimwambia "vikombe vitatu", anasikia vikombe vitatu vya mtu mwenye utu wake.

Chumvi nayo alipima hivyo. Kijiko chenye kilima. Maji tu ndiyo yaliyokataa lumbesa.

Mama Salha akafungua kitenge, akatoa mzani, akauweka juu ya kinu kilichogeuzwa. Akamwomba mama apime kikombe kimoja kama alivyozoea. Mzani ukasoma 240.

Halafu yeye akachota unga kwa kijiko, akaudondoshea kikombeni bila kutikisa, akachukua kisu, akapitisha mgongo wa kisu juu ya ukingo. Unga wote wa juu ukarudi ndooni, akakiweka kikombe mzanini.

Bi Tatu akakohoa.

"Kwao wanapima kwa kisu," akasema, kama anayezungumza na mchele.

Mama akasema, "Ndivyo mnavyopima nyumbani kwenu, mwanangu? Na mgeni akiona?"

Mke wangu akacheka. Mara ya kwanza kumwona akicheka siku ile. "Mama, mkate hauna mgeni. Unga na maji ndio wanagawana. Ukimpa unga lumbesa, maji anaonewa."

Mama akaukodolea mzani. 167. Akakishika kikombe kile cha mfuto akakiangalia kwa huruma, kama mtu aliyenyimwa.

Wakakanda. Mama ndiye aliyekanda, na mkono wake ulipoingia nilimwona uso umebadilika. "Eeh," akasema. "Hiki sasa ni kinyunga." Hakuhitaji mtu wa kumwambia. Ukaumuka kwenye jua, ukaingia kwenye sufuria, mkaa chini mkaa juu, na harufu ilipoanza kutoka wanawake waliokuwa wanakuna nazi upande wa pili wakaanza kusogea mmoja mmoja wakijidai wanatafuta kiberiti.

Ulitoka mzuri, wakuu. Juu kahawia, ndani laini. Bi Tatu alikula vipande vitatu na hakusema neno juu ya choo.

Mama akajifuta mikono. Akasema mbele ya wote, "Basi ule wa jiwe kosa lilikuwa langu. Nimemsema mtoto wa watu kwa lumbesa yangu."

 Nikajua nimepona. Kila mtu anatabasamu, mkate upo, harusi kesho kutwa. Ningeweza kuondoka pale mtu safi.

Kisha mama akakunja uso. "Lakini ule wa kwanza? Ule uji?"

Akaingia ndani akatoka na karatasi. Zuhura alikuwa amenakili vipimo vya kwanza kutoka kwenye picha, mama akavitunza kwenye kopo la sukari. Akampa mke wangu. "Hapa umeandika kikombe kimoja na theluthi mbili. Hata kwa lumbesa haifiki. Hapa mwanangu ulinificha, au nimekosea tena?"

Mama Salha akaisoma. Akaikunja. Hakuniangalia. Akainama akawa anasogeza makaa kwa koleo, makaa ambayo hayakuhitaji kusogezwa.

Pale uani palikuwa na wanawake kama saba. Wote wanamsubiri ajibu. 

Niliona shingo yake, wakuu. Sijui niwaeleze vipi. Mtu anayesubiri kupigwa na mtu anayempenda. 

Nikasema, "Mama, ile hesabu nilifanya mimi."

Koleo la mke wangu likasimama. Nikaendelea.

"Yeye alitaka tukununulie mzani, mimi nikakataa. Nilipima maji nikadhani unga ni sawa na maji. Yeye hakuandika hata namba moja. Uliponipigia nilijua, nikanyamaza."

Bi Tatu akaacha kutafuna.

Mama akanipita. Halafu akamwendea mke wangu, akamshika mkono wenye koleo. "Mwanangu, nisamehe. Nimekusema mpaka kisimani."

"Yameisha, Mama."

"Kwako yameisha. Kwa huyu bado." Akanigeukia. "Mimi nilimsema nyumba kwa nyumba. Na wewe utakwenda nyumba kwa nyumba."

Nilidhani anatania. Akakata mkate uliobaki vipande, akavipanga kwenye sinia, akafunika kwa kawa, akanikabidhi. Akanitajia nyumba: kwa mwenyekiti wa kamati ya chakula, kwa shangazi, dukani, kwa fundi cherehani, na mwisho kisimani, kwa yeyote nitakayemkuta.

Nimezunguka, wakuu. Mtu mzima, kipara kimeanza, na sinia la mkate kichwani, maana mkono ulichoka. Nafika, nabisha hodi, napokea shikamoo za watoto, natoa shikamoo kwa wakubwa, halafu nasema maneno yaleyale: "Mke wangu hakumficha mama kitu. Unga si maji. Mimi ndiye niliyekosea. Karibuni mkate."

Shangazi alinifanya nirudie mara mbili, akidai hasikii vizuri. Anasikia vizuri sana.

Kisimani nilikuta wanawake watano. Mmoja akauliza kwa nini nina diploma kama sijui kupima kikombe. Nikampa kipande.

Jumamosi harusi ilifana. Oda ya Kisarawe ilifutwa, ikaokwa mikate arobaini nyumbani, yote ya mfuto. Mama Salha alikuwa jikoni tangu alfajiri, kanga kiunoni, anawapangia watu kazi, na mama anapita nyuma yake akiwaambia wageni, "Huyu ndiye mkwe wangu, anapima kwa kisu." Alikuwa anajisifu kabisa.

Jumapili tulikuwa tunarudi Kibaha. Tukasimama Mzenga kununua mananasi. Ndipo mke wangu akaniambia, akiwa anachagua nanasi, bila hata kunigeukia.

"Mimi nilijua tangu wiki ya kwanza kwamba kosa ni la hesabu yako. Kikaratasi cha mahesabu yako ulikiacha ndani ya daftari langu la mapishi. Siku nilipokuuliza, kilikuwa kwenye mfuko wa sare yangu."

Nikamuuliza, kwa nini basi hukumwambia Mama?

"Kosa la unga ningelisamehe siku ileile. Nilitaka kujua utaniacha nisemwe mpaka lini."

Akalipia nanasi, akapanda pikipiki, akanishika kiunoni kama kawaida. Mimi ndiye niliyechelewa kuwasha.

Wiki tatu, wakuu. Hilo ndilo jibu alilopata, na hakuna hesabu ya kulipunguza. Adhabu yangu niliipata nikiwa na sinia kichwani, lakini jibu lake ndilo linaloniamsha usiku.

Nilichojifunza ni hiki. Ukitaka kugeuza gramu kuwa vikombe, pima kila kitu kivyake, maji kivyake, unga kivyake, na umuulize anayepika anajazaje kikombe, usimtumie namba tu. Na mwenzako akisemwa kwa kosa lako, fungua mdomo siku hiyohiyo, simu ikiwa bado sikioni. Ukisubiri mkate uive ndio useme, umechelewa.

Mzani tumemnunulia mama. Zuhura anasema mama anautumia vizuri, ila namba ikitokea 500 anaangalia kushoto na kulia halafu anaongeza konzi.

Nawasikiliza sasa. Kwenu unga mnapima mfuto au lumbesa? Na ndugu zangu wanaume, nani mwingine humu amewahi kumwacha mkewe abebe mzigo wake? Andikeni, matusi nayo nayapokea, nimeshayazoea kisimani.